Yule dada wa Lambeth alikuwa analipwa, tena alisaini vyungu vyake

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka huku London, natumai hapo ofisini wote hamjambo. Naomba nafasi kidogo nimjibu kijana wetu aliyeandika makala ya vyungu wiki tatu zilizopita, ile yenye picha ya mama amepakata chungu, na pia yule msomaji aliyemuunga mkono wiki iliyofuata. Makala nimeipenda, kusema kweli nikaupiga picha ukurasa mzima nikamrushia dada yangu kwenye simu. Ila kuna sentensi moja imenikaa kooni kama mwiba wa samaki, pale aliposema huko Ulaya ufinyanzi na kuchora vyombo ilikuwa kazi ya wanaume, wanawake wameingia majuzi tu, halafu huyo msomaji naye akatia chumvi kwamba wanawake wa kizungu wa enzi za Malkia Victoria walikuwa wanashinda ndani wanadarizi vitambaa na kunywa chai. Jamani! Waliokunywa chai walikuwepo sikatai, lakini mimi kila siku ya kazi napita chini ya sanamu ya mmoja, Hannah Barlow, ambaye alikuwa kiwandani, mikono imejaa udongo, na mwisho wa wiki anachukua mshahara wake.

Nieleze kwanza namna nilivyomjua, maana mimi sio msomi wa sanaa, mimi nafanya usafi maofisini. Kuna jengo la zamani huku Lambeth, mtaa mmoja wa London, kona ya Black Prince Road na Lambeth High Street, matofali mekundu na urembo wa udongo wa kuchoma kila mahali, zamani lilikuwa la kampuni ya vyombo vya udongo ya Doulton, ndio hao hao ambao baadae waliitwa Royal Doulton. Nimepita pale miaka bila kuinua kichwa, unajua asubuhi ya saa kumi na moja mtu unaangalia miguu yako na basi linakuja lini. Siku moja mwenzangu mwenye funguo kachelewa, nikasimama ng'ambo ya barabara kwenye baridi, ndo nikaona juu ya mlango kuna watu. Wamefinyangwa kwa udongo, wanaume na vyombo vyao, na katikati yao mwanamke amekaa kwenye kiti anapamba chombo, na chini ya kiti chake kuna paka anachungulia. Yule paka ndiye aliyenifanya nicheke peke yangu barabarani, na paka huyo huyo ndiye aliyenipeleka maktaba.

Huyo mwanamke ndiye Hannah Barlow. Kazaliwa 1851 kijiji cha Little Hadham, wilaya ya Hertfordshire, kaskazini ya London, baba yake alikuwa meneja wa benki kwa hiyo hawakuwa watu wa kulala njaa, lakini watoto walikuwa tisa, na kijijini ndiko alikojifunza kutazama wanyama. Sasa huko kutazama ndiko kulikompa kula maisha yake yote. 1868 akaingia shule ya sanaa ya Lambeth, mtoto wa miaka 16, na 1871 akaanza kazi Doulton, kabla hata hajatimiza 20. Ndiye mchoraji wa kwanza mwanamke kuajiriwa pale. Akakaa mpaka 1913 hivi. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka 40 kwa mwajiri mmoja, sijui wangapi kati yetu tutafika huko.

Sasa msomaji ajiulize, kiwanda hicho kilikuwa kinatengeneza nini hadi kikahitaji mtu wa kuchora mbuzi? Hapa ndipo pananifurahisha kuliko kote. Walikuwa wanatengeneza mabomba ya majitaka! Doulton walianza 1815 na chupa za bia, mitungi ya wino, vyombo vya kuhifadhia vitu, vitu vya kawaida kabisa vya rangi ya kahawia. Halafu London ikaingiliwa na kipindupindu, ule wa 1848 na 1849 peke yake uliua zaidi ya watu 14,000 mji huu, na Lambeth iliumia vibaya maana watu walikuwa wanachota maji ya mto Thames ule ule ambao vyoo vilikuwa vinamwagia uchafu. Henry Doulton, mtoto wa mwenye kampuni, alishaona mapema, 1846 akafungua kiwanda cha mabomba ya udongo mgumu, yale yasiyovuja wala kuliwa na uchafu. Baadae ikaja 1858 ile joto kali ambayo mto ulinuka mpaka wabunge wakashindwa kukaa bungeni, serikali ikakubali kumpa mhandisi Bazalgette pesa ajenge mifereji ya mji mzima, na biashara ya mabomba ikazidi kunoga. Kwa hiyo ukienda makumbusho ukaona chombo kizuri kimechorwa farasi wanakimbia kwenye upepo, ujue kimelipiwa na vyoo vya London. Mimi kama mtu wa usafi nimelipenda hilo sana, sitaki hata kuficha.

Tena huyo Henry mwanzoni alikuwa hataki habari za sanaa. Aliyemsumbua ni mwalimu mkuu wa ile shule, John Sparkes, ambaye alikuwa na wanafunzi wana vipaji hawana pa kwenda, wengine watoto wa masikini kabisa, kama George Tinworth ambaye baba yake alikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni na kijana alikuwa anachonga kwa kujificha mzee asimuone. Tinworth ndiye aliyefinyanga hao watu wa juu ya mlango, pamoja na paka. Sparkes kamng'ang'ania bosi mpaka kakubali kujaribu, wakapeleka vyombo kwenye maonyesho ya Paris 1867 na ya South Kensington hapa London 1871, watu wakavigombania, hata Malkia mwenyewe akaagiza vyake vipelekwe kasri lake la Windsor, na baada ya hapo Henry akawa kama mtu aliyekunywa dawa. Kufikia miaka ya 1880 wanawake wanaochora na kupamba pale walikuwa zaidi ya 200. Mia mbili! Na walikuwa na vyumba vyao vya kazi wala sio kona ya stoo.

Nije kwenye kazi yenyewe alivyokuwa anaifanya, kwa sababu kijana wetu aliita “kupaka rangi vyombo”, na hapo napo naomba nimsahihishe kwa heshima. Hannah hakuwa anapaka, alikuwa anachanja. Wale waliokulia vijijini mnajua chale, mtu anakatwa ngozi kwa wembe halafu dawa nyeusi inasuguliwa mle mle kwenye mkato, ikipona inabaki alama. Basi ndiyo hiyo hiyo. Mfinyanzi anatoa chombo kwenye gurudumu, kinaachwa kikauke nusu, kiwe kigumu kidogo kama ngozi ya kiatu, kisha anapewa Hannah bado kina unyevu. Anachukua kitu chenye ncha anachora moja kwa moja kwenye udongo, ng'ombe, punda, kondoo, mbwa, paa, farasi wa porini, halafu rangi nyeusi au ya kahawia inasuguliwa kwenye mistari, ya juu inafutwa, ya ndani inabaki. Hakuna kufuta mstari. Ukikosea mguu wa mbuzi, mbuzi ndo kashakuwa kiwete, na udongo haukusubiri, unakauka. Na uso wenyewe sio karatasi, umejipinda, mnyama inabidi azunguke na tumbo la chombo bila kuonekana kavimba. Nimesimama makumbusho ya Victoria and Albert mbele ya kimoja (kuingia bure, vyombo viko ghorofa za juu, wengi hawafiki huko) nikahesabu mistari ya mgongo wa farasi, ni mmoja. Mstari mmoja kutoka masikioni hadi mkiani, na unamuona farasi kabisa amechoka.

Halafu kuna moto. Vyombo vya aina hiyo vilichomwa mara moja tu, kwenye joko la joto zaidi ya nyuzi 1,200, na moto ukifika kilele wanarusha chumvi ndani. Ndiyo, chumvi. Ile chumvi inageuka mvuke, inakamatana na udongo na kuufunika kwa ngozi ya kioo yenye vinundu vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Ni ufundi wa zamani wa chupa na mabomba, wao wakauhamishia kwenye urembo. Lakini joto lile linaunguza rangi nyingi, inayobaki ni bluu, kahawia, kijani kidogo na vijivu, ndiyo maana vyombo vyake havina rangi za kupiga kelele. Na moshi wa chumvi ulikuwa mchungu wenye tindikali, na jirani wao alikuwa nani? Askofu mkuu wa Canterbury, kasri lake liko hapo hapo Lambeth, kwa hiyo malalamiko hayakuisha. Joko zilikuja kuzimwa kabisa 1956, mwaka ule ule ilipopitishwa sheria ya hewa safi.

Wanaoandika habari zake wanasimulia kwamba mkono wake wa kulia ulikuja kupooza akiwa bado kijana kazini, na yeye akakaa akaufundisha wa kushoto mpaka ukajua kazi. Mimi niliposoma hapo nilifunga kitabu kidogo. Mkono ndiyo kiwanda chake, umekufa, na anaanza upya kama mtoto wa chekechea, tena kwenye udongo usiofutika.

Hakuwa peke yake pia, ukoo mzima ulihamia kiwandani. Kaka yake Arthur alikuwa Doulton, mtu mgonjwa mgonjwa ila majani aliyoyapamba kwenye vyombo utadhani yanaota, akafariki 1879 hajafika hata 35. Mdogo wake Florence akaingia 1873, na Lucy naye alipita kwa miaka michache, miaka ya 1880. Hannah na Florence walikuja kupatana wasigongane, Hannah akachukua wanyama, Florence akachukua ndege na maua. Yaani wamegawana viumbe wa Mungu kama watu wanaogawana shamba la urithi, na bila kesi! Florence yeye hakuwa anachanja tu, alikuwa anajenga ndege wake kwa udongo wa majimaji, tabaka juu ya tabaka kwa brashi, mpaka bawa linatokeza ukipitisha kidole. Kuna wanaompenda Florence zaidi. Mimi nabaki na Hannah, ndege wa Florence ni wazuri lakini wametulia mno, mbuzi wa Hannah anakuangalia kama unataka kumwibia majani. Nyumbani kwake alifuga wanyama, alikuwa hachori kwa kubahatisha.

Na sio kwamba alibaki mtu wa vyungu tu. Miaka ya 1880 kazi zake za kuchonga zilionyeshwa Royal Academy, hicho chuo kikubwa cha wasanii hapa, ambacho kilianzishwa 1768 kikiwa na wanawake wawili ndani halafu kikawafungia mlango wengine, kikaja kumpa mwanamke uanachama kamili tena 1936. Yaani Hannah aliruhusiwa kutundika kazi ukutani ila kukaa mezani na wenye chuo hapana. Huyo Henry Doulton kwa upande wake akapewa heshima ya kuitwa “Sir” na Malkia 1887, mfinyanzi wa kwanza kupata heshima hiyo. Kwa heshima hizo kubwa kubwa waliochanja mbuzi hawakuitwa, haya tunayajua hata sisi.

Lakini sasa Ndugu Mhariri, ndipo nafika kwenye kilichonifanya nishike simu niandike. Geuza chombo chochote cha Hannah, tazama kitakoni. Kuna muhuri wa Doulton Lambeth, mara nyingi na mwaka umegongwa, na pembeni kuna herufi BHB zimebanana kama abiria wa daladala, hiyo ndiyo saini yake. Na haiishii hapo. Mpaka wale wasichana wasaidizi, waliokuwa wanabandika vishanga vya udongo pembeni au kujazia majani, nao wanaweka viherufi vyao vidogo kitako hicho hicho. Leo, miaka zaidi ya 100 baada ya Hannah kufa 1916, mtu anainua jagi moja sokoni anajua huyu ni Hannah, huyu msaidizi wake ni fulani, na ni mwaka fulani. Sheria za hapa kabla ya 1870 mshahara wa mwanamke aliyeolewa ulihesabika ni wa mumewe, hebu fikiria, katika nchi ya namna hiyo kiwanda cha mabomba kinamwambia binti weka jina lako hapa.

Sisemi walikuwa malaika. Bosi alijua saini inauza, chombo chenye jina na ambacho hakuna cha pili chake kinapanda bei, na Hannah alikuwa hachori michoro miwili inayofanana hata kama ng'ombe wake wamesimama mlima ule ule mara elfu. Vilevile yule mwanaume wa gurudumu aliyekinyanyua chombo chenyewe kutoka kwenye bonge la udongo kwa kawaida hana herufi yoyote pale chini, na hiyo ni dhuluma, sijui kwa nini hakuna anayeipigia kelele. Na vingine nisiwadanganye, ni vibaya, wameweka vishanga na mapambo juu na chini mpaka mbuzi wa katikati anakosa pumzi. Vile vya mwanzo mwanzo vilivyo vitupu ndiyo vyenyewe.

Ila nirudi kwa makala yenu. Ile picha ya mama na chungu, chini yake mmeandika “mwanamke akiwa na chungu”. Mwanamke gani? Chungu kafinyanga nani? Mimi ni mtu wa Kyela, ule mshono wa shingo ya chungu naujua tangu natambaa, ni wa Wakisi wa kule Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, wanawake wale wanaokuja na mitumbwi ziwani Jumamosi kuuza Matema. Bibi yangu alikuwa akinunua kwao, na alikuwa anawajua kwa mikono yao, akishika chungu anasema hiki cha mama fulani, yeye anakanda udongo vizuri, hiki cha yule mwingine kitapasuka kabla ya mavuno. Kwa hiyo saini ilikuwepo, kichwani kwa bibi. Bibi amefariki, amekwenda nazo zote. Nyumbani kwa dada yangu kipo chungu kimoja cha zamani zile, tumekigeuza, tumekimulika na tochi ya simu, hakuna kitu, tumebaki kukisifia tu kama yatima.

Ndo maana sikupenda kusikia kwamba mwanamke mfinyanzi ni jambo la majuzi. Sio la majuzi huku, na kwetu ndo kabisa, kwetu ni la wanawake tangu na tangu. Kinachotofautiana ni kitako cha chungu. Kijana wetu naomba safari nyingine akienda Matema na kamera, amuulize mama jina lake na la aliyemfundisha, ayaandike yote mawili, hata kama itabidi kupunguza yale maneno mengi ya utangulizi kuhusu utamaduni wetu adhimu. Na kama mama mwenyewe anataka, amwambie achukue kijiti akwaruze herufi mbili chini kabla hajachoma, haiongezi hata dakika.

Na huyo msomaji wa chai, akija London asiende kupiga picha darajani tu kama wengine. Ashuke stesheni ya Vauxhall, atembee kama dakika kumi hivi, afike ile kona, avuke barabara asimame upande wa pili maana ukisimama chini ya mlango huoni kitu. Mwanamke yuko amekaa. Paka yuko chini ya kiti, inabidi umtafute kidogo.

Wako msomaji wa miaka mingi,
Mama wa Kyela,
Lambeth, London